Habari za Apaikunda na Pua Iliyoombwa kwa Isale

Sogeeni, enyi wenye vihamba, mashamba ya migomba ya mababu, nanyi mlioolewa penye vihamba. Tueni mizigo ya majani ya ng'ombe, na mwenye chungu jikoni akipunguzie moto, kwa maana habari hii ni kuu na haisikilizwi kwa sikio moja. Si habari ya wafalme waliobomoa maboma, wala ya majemadari waliovuka nyika na wasirudi. Ni habari ya Apaikunda, mama wa watoto wanne, mpalilia migomba, mkoroga mbege, ile pombe ya ndizi, mwanachama namba arobaini na mbili wa Chama cha Msingi cha Wakulima wa Kahawa cha Mrereni, ambaye Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri, alitafuta pua. Nawe Harufu, mgeni usiyebisha hodi, upitaye penye tundu la ufunguo ukalala kitandani kwa watu, leo utatajwa hadharani.

Yote yalianza kwa uvumi. Uvumi ulipanda mlima Jumanne pamoja na wauza maziwa, ukasema kwamba ng'ambo ya mto mzigo mzima wa kahawa umerudishwa. Haukurudishwa kwa unyevu wala kwa wadudu. Mwonjaji, mtu ambaye kazi yake ni kunywa na kutema tangu asubuhi hadi jioni asilewe wala asishibe, alitia kijiko kinywani, akatema, akatia tena, akatema, kisha akauliza kwa upole, "Nani ametia pombe humu?" Lilikuwa gunia moja tu, walisema. Gunia moja lililonuka mbege liliingia katikati ya magunia themanini, nayo yote yakahukumiwa.

Apaikunda aliusikia uvumi huo bombani. Akaupuuza. Ukamganda kama kupe kwenye sikio la ng'ombe. Alipokata majani ulikuwepo, alipomenya ndizi za mtori ulikuwepo, na alipokuwa akimsuka nywele binti yake Haikaeli, alijikuta amesuka mistari minne kuelekea kushoto na miwili isiyoelekea popote.

Sharti mjue kwanza nguvu za Chama hiki, ndipo mjue ni nini kilichokuwa hatarini. Wanachama wake ni sitini na watatu, na majeshi ya mapato yao yalikuwa haya. La kwanza, kitalu cha miche, elfu nne kwa hesabu, iliyosimama katika viriba vyeusi mstari kwa mstari kama askari wanaongoja kukaguliwa. La pili, ukumbi wenye bati jekundu, uliokodishwa kwa harusi kila Jumamosi isipokuwa Kwaresima. La tatu, mizinga thelathini na mmoja juu ya miti ya miringaringa, ambayo askari wake wana mishale na hawadai posho. La nne, wageni watokao nchi za mbali, watu wazima na wenye afya, ambao hulipa ili waruhusiwe kutwanga kahawa katika kinu, na wakiisha kutwanga hushukuru.

Lakini majeshi haya manne yalikuwa ya miguu tu. Jemadari wao alikuwa kahawa ya maganda, ile iliyomenywa ganda la nje, ikavundikwa, ikaoshwa na kuanikwa kwenye vichanja kwa siku kumi na nne, mama akiifunika mvua ikija na kuifunua jua likirudi, kama mwenye mgonjwa. Kwa miaka mingi kahawa ya Mrereni ilimwagwa katika lundo la watu wote, ikapoteza jina. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza tangu Chama kisimame, alitokea mnunuzi aliyeitaka ya Mrereni peke yake, na jina la Mrereni juu ya gunia. Alikuwa na sharti moja: ataionja kwanza. Ikimchukiza, irudi kwenye lundo, na habari iishie hapo.

Tena mlima ule hausahau. Yupo babu mmoja aliyeangusha dumu la maziwa ibadani mwaka wa njaa. Amekwisha kufa, na wajukuu zake wanaitwa watoto wa Dumu hadi leo, hata yule aliye daktari. Apaikunda alimtazama Haikaeli akiondoka na daftari zake, akawaza binti huyu akiitwa mtoto wa yule mama aliyefanya mzigo urudishwe, mpaka uchumbani, mpaka uzeeni.

Ikawa asubuhi ya Alhamisi, siku ya lori la kuchukua kahawa ya Chama, Apaikunda akapanda ngazi ya darini kuliteremsha gunia lake la kilo thelathini na tano. Akaingiza kichwa. Akakitoa. Akakiingiza tena.

"Baba Haikaeli!"

"Naam," akaitika mumewe Anaeli kutoka uani.

"Nani ameweka ndizi huku darini?"

"Ndizi zipi?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayezijua moja moja.

"Hizi, mikungu saba! Zimelala kifua kwa kifua na kahawa yangu!"

"Aa, hizo. Ni za mbege ya Jumamosi. Banda linavuja, na ukoo mzima unakuja. Ulitaka nizivundike wapi, kanisani?"

"Tangu lini ziko humu?"

"Tangu Jumapili. Mama Haikaeli, kwani ndizi ina miguu? Yenyewe imelala kwake, kahawa imelala kwake."

Lo! Ndivyo wasemavyo wanaume, na ndivyo majumba yanavyoanguka. Ndizi haina miguu, kweli, ila pumzi inayo, na kahawa ni kama mtoto wa darasa la kwanza, hurudi nyumbani na tabia ya kila aliyekaa naye. Zile ndizi zilikuwa zimekwisha kuwa nyeusi, zikitoa jasho tamu, na majani makavu yaliyozifunika yalikuwa ya moto kama kifua cha mwenye homa.

Apaikunda akaliteremsha gunia, akalifungua mdomo, akazamisha uso. Akasikia harufu ya mbege. Akanusa kanga yake: mbege. Akainusa ngazi: mbege. Akageuka kumnusa Anaeli, na hapo hakuhitaji hata kusogea. Ndipo alipotambua ukubwa wa msiba. Pua yake mwenyewe, aliyokoroga nayo mbege ya kuuza tangu alipoolewa, ilikuwa mzee asiyeweza tena kutoa ushahidi.

"Peleka tu," Anaeli akasema. "Tumsifu hatajua."

Naye alisema kweli, na ukweli huo ulikuwa mbaya kuliko uongo. Karani Tumsifu, mlinda lango wa Chama, mpokeaji wa kahawa kwa miaka thelathini, alijua kuing'ata punje akatambua ukavu wake, na kuitikisa sikioni akatambua umri wake. Lakini alikuwa mvutaji wa ugoro. Pua yake ilikuwa mlango wa kuingilia tu. Habari hazikufika ndani. Lango liko wazi, mlinzi yupo, na adui angepita akimsalimia.

"Yeye hatajua," Apaikunda akajibu. "Mwonjaji atajua."

"Punje za kwako kati ya za watu sitini na watatu? Mama Haikaeli, hata chumvi ya mtori huwa huioni, itaonekana kahawa yako?"

"Ya ng'ambo ya mto ilionekana."

"Ya ng'ambo ya mto ni maneno ya wauza maziwa."

Apaikunda alikuwa anahesabu pua. Za wapika mbege, hapana. Za wanywaji, hapana, na za wake wa wanywaji vilevile. Akapita kijiji kizima kwa mawazo, nyumba kwa nyumba, tangu mfereji wa juu hadi barabara ya chini, na mwisho wa safari akakuta pua moja tu iliyo safi, kavu, isiyoguswa na pombe kwa miaka kumi na mmoja. Nayo ilikaa usoni mwa Foibe, Mama Nsia, mlokole, jirani yake wa upande wa mashariki, ambaye hawakusalimiana naye huu mwaka wa pili.

Tena kisa chenyewe kilikuwa pua hiyohiyo. Foibe alisimama katika kikao cha kina mama akasema ananusa mbege katika safu ya pili ya kwaya. Apaikunda, mwimbaji wa safu ya pili, akasimama naye akasema, "Mama Nsia, pua hiyo ianze kunusa nyumbani kwako, ikipata nafasi ije kwaya." Watu wakacheka hadi kikao kikafungwa bila sala. Tangu hapo kuku wao walitembeleana, wao la.

Kati ya vihamba vyao ulisimama mpaka wa masale, mimea mirefu, ya kijani kibichi, kama ilivyopandwa na mababu. Na kila aliyezaliwa mlimani anajua: ukilifunga jani la isale fundo, ukampelekea uliyemkosea, hawezi kukunyima msamaha, akikunyima, yatakayompata ni yake. Apaikunda akalikata jani, akalifunga fundo. Kisha akajitwisha gunia, maana pua ile isingeweza kuletwa katika nyumba ile ikabaki na akili zake. Gunia lilitaka mikono yote miwili, na mumewe alikuwa amekumbuka ghafla kwamba banda linavuja. Basi jani akalibana kwa meno.

Hatua arobaini alizikanyaga. Katika hatua ya kumi na mbili alitokea adui wa kwanza, moshi wa jiko lake mwenyewe, akiinama kutaka kuligusa gunia. Akampita kwa kulia. Katika hatua ya ishirini na tano adui wa pili, rundo la samadi mbichi, akapitwa kwa kushoto, nyuma ya mgomba. Katika hatua ya thelathini na nane fundo la isale lilimkera ulimi akataka kupiga chafya, akajizuia kwa ushujaa ambao haujaandikwa popote isipokuwa hapa.

Foibe alikuwa zizini akisuuza ndoo ya maziwa. Alimwona. Na kwa kuwa walikuwa hawasemezani, akamwambia ng'ombe wake.

"We ng'ombe, tazama, tumepata mgeni. Mwaka wa pili huu hajui njia, leo kaja na mzigo juu. Au anahamia?"

Apaikunda akakaza meno juu ya jani.

"Tena hata salamu hana. Shimboni! Unaona, ng'ombe? Nimemsalimu mimi mwenye nyumba, kanitolea macho."

Ndipo alipoliona jani. Mkono wake ukasimama ndani ya ndoo. Akainuka, akajifuta kwa gauni, akamtua gunia, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyingine.

"Litoe kinywani, mama. Hilo ni la kukabidhi, si la kutafuna. Wewe ni mbuzi?"

Apaikunda akalifuta jani, akalitoa kwa mikono miwili, akainamisha kichwa. "Mama Nsia, niliisema pua yako vibaya mbele za watu. Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa pua au kwangu?"

"Kwenu wote wawili."

"Na gunia?"

"Gunia ni shauri la pua."

Foibe akaligeuzageuza jani. "Mimi ni mtu wa wokovu. Mambo ya majani tuliyaacha." Akamtazama ng'ombe, ng'ombe naye akamtazama. "Lakini nimeokoka dhambi, mama, sikuokoka Uchagga. Isale hairudishwi. Nimekusamehe. Ila ujue jana tu nililikumbuka lile neno lako nikiwa nakamua, nikakasirika upya, kwa hiyo nimekusamehe kitu kibichi kabisa."

"Asante, mama. Nimesikia ubichi wake."

Apaikunda akamweleza habari yote, ya uvumi, ya ndizi na ya lori. Foibe akashika kiuno.

"Niliweka nadhiri nisisogeze pua penye pombe. Wewe unaniletea gunia zima!"

"Si pombe, Mama Nsia. Ni kahawa inayotuhumiwa."

"Mh. Mtuhumiwa husikilizwa kwanza." Akatandika mkeka. Akanawa mikono kwa maji matupu, maana sabuni nayo ina maneno yake. "Wewe nenda kasimame kule kwa ng'ombe. Unanukia kama harusi."

Na hivi ndivyo ilivyonuswa kahawa ya Apaikunda, nanyi mnaosikiliza msikohoe. Foibe alichota konzi moja, akaifumbata, akaipulizia pumzi ili iamke, akaifikisha puani, akafumba macho. "Kahawa," akasema, akaiweka kulia. Akachota ya pili. "Kahawa." Ya tatu. "Kahawa, na moshi kidogo, lakini moshi nani hana?" Konzi ya kumi, ya ishirini, ya arobaini zikapita, kulia, kulia, kulia, na Apaikunda kule kwa ng'ombe akaanza kupumua. Ndipo mkono wa Foibe ukakaa puani kuliko kawaida. Akanusa tena. Akafumbua jicho moja.

"Mama Haikaeli, gunia lililala ubavu gani kwenye ndizi?"

"Huo wenye kiraka."

"Basi ubavu huu umelewa."

Wakatenganisha hadi mwisho. Kulia lundo kubwa, kushoto lundo la theluthi hivi, na macho hayakuweza kuona tofauti, rangi moja, ukavu mmoja, jasho la mwaka uleule mmoja. Apaikunda alizijua punje zile. Alizichuma mwezi wa saba, mimba yake ikiwa imeharibika, kwa sababu kahawa ikiiva haingoji mtu aponywe. Akachuchumaa mbele ya lundo la kushoto muda mrefu.

"Tunaojua ni wawili tu," akasema.

"Ndiyo," Foibe akasema.

"Na ng'ombe."

"Mimi nimenusa, mama. Kupeleka ni kwako. Sitasema neno popote, hata nikiulizwa."

Laiti angesema atasema! Kazi ingekuwa rahisi. Apaikunda akainuka, akachota lundo la kulia akalitia katika gunia jingine alilokopeshwa palepale, safi, lililoanikwa. La kushoto akalifunika kwa mkeka kama afunikwavyo marehemu, akaenda zake kwenye lori.

Alifika saa saba na nusu. Wanachama walikuwa wamejaa uwanja wa ofisi, magunia juu ya mizani, magunia chini ya bati. Karani Tumsifu akang'ata punje, akaitikisa sikioni, akapima.

"Mama Haikaeli, uliandikisha thelathini na tano. Hapa ni ishirini na tatu. Panya?"

"Ndizi."

"Ndizi zimekula kahawa?"

Uwanja ukaangua kicheko. Mzee Elingaya, mwenye sauti kubwa kuliko wote, akagonga goti. "Anaeli amepata kinywaji kipya! Kahawa asubuhi, mbege humohumo! Mangi Tumsifu, hata vikombe havitachafuka viwili!"

Apaikunda akasimama juu ya jiwe karibu na mizani, akasema maneno haya, marefu kuliko yote aliyopata kusema mbele za watu tangu kikao kile cha kwaya:

"Chekeni. Gunia langu lililala na ndizi za mbege siku nne. Pua yangu haikujua, na ya mume wangu haikujua, na wewe baba Tumsifu, uniwie radhi, usingejua. Nimelipeleka kwa Mama Nsia akalinusa konzi kwa konzi. Iliyolewa nimeiacha. Sikutaka mimi niwe yule mama wa mzigo uliorudi. Basi. Pimeni."

Kicheko kikafa vipandevipande, kuanzia mbele kwenda nyuma. Watu wakatazama juu, kila mmoja kwa mawazo yake, kama wanaotazama mvua. Kisha Mzee Elingaya akakohoa, akaenda hadi mizani, akalishusha gunia lake lililokwisha pimwa.

"Unakwenda wapi nalo?" Tumsifu akauliza.

"Nimesahau kitu nyumbani."

"Kitu gani?"

"Kuangalia darini."

Mwanamke mmoja akashusha lake. Mwingine naye akashusha. Yalishuka magunia kumi na moja, yenye wenyewe wasiotazamana, na dereva wa lori akapiga honi mpaka akachoka. Ndipo Chama kikatuma ujumbe kwa Foibe, naye akaja, akakalishwa kwenye kigoda mlangoni mwa ofisi, mbali na kopo la ugoro la Tumsifu, na magunia yote yakapita mbele ya pua yake moja moja. Akakuta manne yenye hatia. Moja lilinuka ndizi, la Mzee Elingaya, naye akalipokea bila kugonga goti. Moja lilinuka mafuta ya taa. Moja dagaa. Na moja sabuni, ambalo mwenyewe alilia, kwa sababu alikuwa amelifua kwa upendo.

Saa kumi lori likashuka mlima na mzigo ulionuka kahawa. Mwonjaji alitia kijiko kinywani, akatema, akatia tena, akatema, asiulize kitu. Mzigo ule haukurudi, na jina la Mrereni likabaki juu ya gunia. Katika kumbukumbu za kikao cha mwezi uliofuata yameandikwa maneno haya na si zaidi: "Mwanachama namba 42 alileta pungufu. Sababu: ndizi." Falme nyingi zimeandikiwa vitabu vinene kwa kazi iliyo ndogo kuliko hii. Nanyi mlio na kahawa ndani leo, ya kuepuka ni haya:

Usiweke kahawa dari moja na ndizi za pombe, hata kwa siku moja. Banda likivuja, ziba banda.

Usiilaze karibu na mafuta ya taa, dagaa, vitunguu, dawa ya mifugo wala mbolea.

Usifue gunia la kahawa kwa sabuni. Lioshe kwa maji, lianike juani.

Usilisimamishe gunia sakafuni wala kuliegemeza ukutani. Weka mbao chini.

Usiamini pua ya watu wa nyumba hiyohiyo.

Usichanganye iliyonuka na isiyonuka ukidhani itapotea. Haipotei.

Usingoje siku ya lori ndipo upande darini.